Nyongeza ya Mama Nyarkoaa

Mama Nyarkoaa alinyang'anywa soko na mwanawe wa kumzaa, na sababu iliyotolewa ilikuwa mapenzi. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa akinunua chakula cha nyumba yake katika soko la Bantama, hapa Kumasi, kila Jumamosi asubuhi. Siku moja aliteleza mtaroni hukohuko sokoni akaumia goti. Antwi, mwanawe, ambaye ni mume wangu, akatangaza kwamba tangu hapo mama atapelekwa supamaketi kwa gari, penye kiyoyozi na sakafu kavu. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Hata mimi, pamoja na shahada yangu, sikumuuliza.

Nyumbani wakaanza kusema amekuwa mkorofi. Kweli, kwenda naye dukani ilikuwa kazi. Alikataa kushika toroli. Aliviminya viazi vikuu mpaka nailoni zilizovifunga zikapasuka. Aliyanusa majani ya magimbi, akauliza kwa sauti kuu:

"Haya yamekufa lini? Mbona hatukualikwa mazikoni?"

"Mama, tafadhali, watu wanatutazama," Antwi alinong'ona.

"Watazame. Maskini, humu hawana hata wa kuongea naye."

Jumamosi moja msichana wa mizani alimpimia nyanya chungu, akabandika bei. Mama akasimama akingoja. Msichana naye akangoja.

"Haya, mwanangu, ongeza."

"Niongeze nini, bibi?"

Sokoni, muuzaji akishapima hukuwekea mbili tatu juu; asiyekuwekea amekutukana. Mama aliamua kwamba binti huyu hakufunzwa kwao, akajichukulia mbili, akazitia mfukoni mbele ya macho ya kila mtu. Mlangoni mlinzi akamzuia.

"Bibi, hizo hujalipia."

"Hii ni nyongeza yangu."

"Sisi hapa tunaita wizi."

Nilimgeukia Antwi, nikitaraji mwana amtetee mama yake. Alisema, "Tusamehe, afande. Ni uzee."

Mama alizirudisha zile nyanya chungu mkononi mwa mlinzi, moja moja, kisha akaenda kuketi juu ya magunia ya mchele kando ya mlango.

"Uzee? Antwi, umekula nyongeza miaka kumi na minane. Hiyo shingo nene unadhani imetoka wapi?"

"Mama, twende garini."

"Mwizi hapandi gari la waheshimiwa. Niitieni polisi, au nipelekeni Bantama."

Antwi alimbembeleza, akafoka, akambembeleza tena. Mama akatazama dari. Wateja walikuwa wakipita wakiinamisha vichwa kuficha vicheko, na mimi nikaona aibu; lakini haikuwa aibu ya mama. Nikamnyang'anya mume wangu ufunguo wa gari, nikampeleka mama Bantama.

Pokuaa, muuza nyanya chungu wa Bantama, alimwona tangu mbali.

"Nyarkoaa! Mbona nilishampelekea fundi kitambaa cha msiba wako!"

"Kishone, utakivaa kwenye wako."

Pokuaa alijaza bakuli, akalimimina kapuni, akaongeza mbili bila kuombwa.

"Mbili tu? Lililoumia ni goti, Pokuaa, si macho."

Akaongezewa ya tatu. Ndipo mama akacheka, mara ya kwanza kwa miezi minne.

Tangu Jumamosi hiyo, tarehe 6 Mei 2023, Mama Nyarkoaa hununua Bantama, mkongojo mkononi, na mbeba kapu wake ni Antwi.