Mshairi Anazungumza na Nani?

Mdogo wangu alirudi na karatasi ya mtihani wa majaribio, akaiweka kifudifudi mezani. Nilikuwa nachagua mchele. Niliacha ungo nikaigeuza. Hasira zangu ziko karibu, najijua, na tangu mama afariki mimi ndiye ninayesaini ripoti zake.

Ilikuwa uhakiki wa shairi la kale. Vina vya kati na vya mwisho kavipata. Mizani kahesabu sawasawa. Kisha likaja swali kwamba mshairi anazungumza na nani, naye kaandika, "Na mimi." Mwalimu kalipiga kosa kwa wino mwekundu.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Shairi hili limetungwa babu wa babu yetu hajazaliwa. Wewe umeingilia wapi humo?"

Nyumba ya jirani walikuwa wanajaribu spika za shughuli, na ukikaa Tandika unazoea kugombana huku muziki wa singeli unatikisa vyombo kabatini. Nikapaza sauti. Nikamwambia kidato cha tano mtu haendi kwa majibu ya kubahatisha, kwamba mama alitaka jambo moja tu duniani, yeye asome, na akifeli mie nitamwambia nini mama kaburini.

"Soma kibwagizo, dada."

Nikausoma mstari ule unaojirudia mwisho wa kila ubeti. Mzazi anaondoka, anamwambia mwanawe asisimame mlangoni.

Nikakaa kitako. Siku tunampeleka mama hospitali nilikuwa nimempakata kwenye bajaji, mdogo wangu kabaki ameshika fremu ya mlango. Mama alichungulia nje akamwambia, "Usisimame mlangoni, mwanangu. Ingia ndani ukasome." Hakumwambia neno jingine tena. Mimi niliyasikia maneno yale yakapita tu, maana nilikuwa nabishana na dereva kuhusu njia.

Nililia, na sioni haya kusema. Naye akalia. Jirani akabadilisha wimbo, na kwa mara ya kwanza kelele zake zikatufaa.

Baadaye nikajifuta uso, kwa sababu mtihani haujui msiba. Nikamwambia msahihishaji hamjui mama yetu wala sisi, kwa hiyo kwenye mtihani wa taifa aandike "na mtoto wake," atoe na mfano kutoka kwenye ubeti. Akasema sawa.

Siku ya karatasi ya Kiswahili nilimsubiri nje ya geti la shule.

"Limetoka lile shairi," akaniambia.

"Umejibuje?"

"Anazungumza na mtoto wake. Nimetoa na mfano."

"Vizuri."

Tukatembea mpaka nyumbani. Nikafungua, nikatangulia, nikaona yeye hanifuati. Alikuwa amesimama palepale kizingitini, na sare yake, ameshika fremu.

"Ingia ndani, mwanangu," nikamwambia.

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Akaingia.