Siku Niliyoimba Juu ya Kinu

Enzi zetu mtoto hakununuliwa zumari. Alikatiwa bua la mpapai, akawekewa maji kwenye kifuu cha nazi, akaambiwa: puliza, na mapovu yasikatike. Wenzangu mliokulia Ngamiani, kule Tanga, mnajua ninachosema. Unapuliza kwa mdomo huku unavuta hewa kwa pua, mashavu yamejaa kama andazi lililoumuka, macho yamekutoka, na maji ndani ya kifuu yanachemka bila moto. Mapovu yakikatika, Mjomba Shee, mpiga zumari wetu, anakugonga utosini kwa kidole kimoja. Hakuwa anagonga kwa nguvu, ila kidole chenyewe kilikuwa msumari.

Nilikuwa na miaka minane nilipopuliza tangu Mama alipomimina vitumbua vya kwanza kwenye chuma mpaka alipovitoa, vimeiva pande zote mbili, na povu halikukatika hata moja. Barabara ya kumi na tatu nzima hapakuwa na mtoto wa kunifikia. Sijisifu. Ni kwamba walioshuhudia wengi wamekwisha kufa, na jambo zuri asipolitaja mwenyewe, atalitaja nani?

Shule niliiacha darasa la tano, au shule iliniacha mimi, tuseme tuliachana kwa amani. Leo nina gereji Saltley, hapa Birmingham, na waliosoma mpaka wakaota mvi wananiletea magari yao na kusimama mbele yangu kama wanafunzi. Vijana wangu wa kazi wana saa mkononi zinazowakumbusha kuvuta pumzi. Saa. Kijana wa miaka ishirini na mbili anakumbushwa na saa kwamba apumue. Sisi tulikumbushwa na kidole cha Mjomba Shee.

Lakini bua la mpapai lilikuwa nusu ya elimu. Nusu ya pili ilikuwa maneno, kwa sababu zumari zetu zilikuwa zinasema. Siku ya harusi wanawake walikaa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, moshi wa kuni machoni, wanakuna nazi na kumenya vitunguu, na huku wanatunga. Aliyeanza hajulikani, aliyemaliza hajulikani. Mjomba Shee alikuwa anapita pale kuomba maji ya kunywa. Kiu hana, anakwenda kuokota maneno. Akirudi uwanjani ameshayatia ndani ya zumari, na kule nyuma utaona kila mwanamke amejifunika kanga mdomoni, kwa sababu amesikia. Wanaume wanatikisa vichwa tu na kusema, "Leo Shee kapuliza." Na mwenye kusemwa ndiye anayecheza kuliko wote. Utamshitaki nani, upepo?

Mjomba alikuwa akituambia, "Zumari ina sitara, mdomo hauna. Jua maneno, kisha yameze."

Nilipofika miaka tisa nikaenda kuyatapika.

Ilikuwa harusi ya Dada Rukia, binti wa Mzee Hamadi mwenye duka la barabarani kwetu. Ni zile siku za kupanga foleni ya sukari, mnazikumbuka, nguo mpya unaivaa Idi mpaka Idi. Mzee Hamadi hakuwa mtu mbaya, ila mkono wake ulikuwa mzito kufunguka. Watu walialikana kutoka kila barabara, na aliyechinjwa ni mbuzi mmoja, naye alikuwa mwembamba kwa tabia. Alasiri ile Mjomba Shee alikwenda kuomba maji mara tatu. Aliporudi akapuliza kitu kitamu mpaka mpiga ngoma akacheka. Nami nilikuwa na kinywa kilichojaa maneno, kwa sababu nilimfuata mpaka kwenye masufuria nikayasikia yote.

Watoto wa barabara ya kumi na nne wakanianza. "Wewe wakujua kwa mapovu tu," wakasema, "maneno hukupewa."

Mimi nisipewe? Palikuwa na kinu kimepinduliwa uani. Nikapanda juu yake, na Mjomba alipotua zumari ili alilowanishe lile jani la kupulizia, uwanja ukiwa kimya, nikaachia sauti yangu yote:

Mbuzi kachinja mmoja,
wageni mji mzima,
mnofu tumeungoja,
hata mfupa wahama.

Upande wa bwana harusi wakacheka, tena kicheko cha kupigana mapaja. Mzee Hamadi alikuwa amesimama na sinia mkononi. Akaliweka chini polepole, akasema, "Shee, chukua zumari yako." Basi. Mjomba akaifunga kwenye kitambaa chake na tukaondoka hata pilau hatujaonja.

Kofi nililopigwa nimelisahau. Nisichosahau ni jioni yake, Dada Rukia alipotolewa kwao kupelekwa kwa mumewe. Bibi harusi kwetu alitanguliwa na zumari. Anakwenda pole, hatua kwa hatua, na mji mzima unajua nani anapita. Yeye alitolewa kimya. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, nikasikia kandambili za waliomsindikiza mchangani: kwap, kwap, kwap. Harusi nzima ilikuwa ni kandambili. Mama akanivuta sikio akasema, "Leo umemnyima mtu kitu ambacho hata dukani kwa baba yake hakiuzwi."

Tangu siku ile sikuimba. Kwenye maulidi ya madrasa nilichezesha midomo tu. Nikaishika zumari, nikaizoea, nikaja nayo Ulaya ndani ya begi la nguo, nikaanza kwa kufungua matairi ya watu wengine na nikaishia kufungua gereji yangu. Harusi za watu wetu kutoka hapa mpaka Leicester, wakitaka zumari, simu inalia kwangu. Wapigaji wengine wapo, siwezi kusema hawapo.

Mwaka juzi mteja mmoja wa Acocks Green akaleta gari abadilishiwe taa, na mama yake yumo ndani. Nikampa mama kiti na chai, kama ninavyofanya kwa kila mtu mzima. Akaniuliza kwetu wapi. Tanga. Tanga wapi? Ngamiani. Barabara ya ngapi?

"Ya kumi na tatu, mama."

Akaweka kikombe chini akanitazama. "We mtoto," akasema, "si wewe uliyepanda kinu?"

Mimi, mwenye gereji, mwenye vijana sita wa kazi, nikajitia chini ya lile gari nikasema breki zinahitaji kuangaliwa. Gari limekuja kwa taa.

Sasa binti yangu Yusra ndiye aliyekuja na habari ya albamu. Anajua mambo ya kurekodi, ana chumba Alum Rock juu ya duka la vitambaa, na akasema, "Baba, turekodi zile ngoma za kwenu, za mizizi kabisa, kabla hujazisahau." Nikamwambia mimi sisahau, ila turekodi. Tukamaliza tisa. Akawasikilizisha marafiki zake, wote wamezaliwa hapa, wanaelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Wakasema ni nzuri. Wote neno hilo hilo, nzuri, kama mtu aliyepewa zawadi asijue ni ya kufanyia nini.

Yusra akaniuliza, "Baba, it's lovely, lakini inasema nini?"

"Inasema mambo."

"Mambo gani?"

Nikatazama dirishani. Kule kwetu wanawake wangekuwa wameshajifunika kanga. Hapa upepo ulikuwa ni upepo tu. Nikahesabu kichwani watu waliobaki wanaojua maneno ya zile tisa, nikajikuta najihesabu mwenyewe peke yangu.

"Baba, kama huwezi kuimba si useme tu," akasema Yusra. Mtoto huyu anajua pa kunichoma. Kuchoma huko alijifunza kwangu.

Lakini ule wimbo wa mbuzi, mmoja wa zile tisa, una mwenyewe, naye ndiye yule mama wa kikombe cha chai, yupo hai, tena yupo umbali wa basi moja. Nikaona wazi: nikipata radhi yake nitaimba, na nikiikosa, zile tisa zitabaki upepo na zitakufa nami. Jumamosi nikavaa kanzu, nikachukua tende na halua, nikaenda Acocks Green. Mimi nilishabishana na wenye nyumba na wenye benki bila kutetemeka, lakini mbele ya mlango ule nilibonyeza kengele kwa kidole kidogo.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Gari letu lina taa, umekuja kutafuta nini?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya kuimba au radhi ya kinu?"

"Zote mbili."

Alikula halua kwanza. Watu wa zamani hawaharakishi jambo zito mbele ya halua. Kisha akasema, "Unadhani yale maneno yaliniuma? Yule mbuzi nilimwona mwenyewe. Na ule ubeti aliuanzisha mama yangu, Mungu amrehemu. Baba hakukasirikia mbuzi, alikasirika kwa sababu aliujua umetoka chumbani kwake." Akacheka peke yake, halafu akaacha. "Kilichoniuma ni zile kandambili."

Miaka yote nilidhani kandambili zile nilizisikia mimi tu.

"Wimbo ni wa mama yangu," akasema. "Utauimba nikiwa nimekaa hapo, nisikie. Ukiuharibu hutauimba tena. Radhi ya kinu nitaiangalia baadaye."

Basi siku ya siku Yusra akamwekea kiti ndani ya studio, nami nikasimama mbele ya maikrofoni nikaimba kwa nguvu, moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Nilijisikia fahari. Bi Rukia akainua mkono.

"Unakimbizwa na nani?"

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo pumzi ya mpiga zumari, haikatiki, nimeisomea tangu utotoni na nilikuwa wa kwanza barabara nzima.

"Zumari haichoki," akasema, "anayesikiliza anachoka. Wewe na kuongea kwako ni hivyo hivyo. Sema mstari, unyamaze. Wape watu nafasi ya kucheka."

Jamani, kunyamaza ni kazi. Mashavu yalikuwa yanajijaza yenyewe. Mara ya kwanza nikashindwa, ya pili nikashindwa, na ya sita ndipo nikasema mbuzi kachinja mmoja, nikafunga mdomo. Katika ule ukimya nikamsikia Bi Rukia akiguna, "Eee," kama walivyoguna kwenye masufuria. Wageni mji mzima. "Eee." Mnofu tumeungoja. Na nilipofika kwenye mfupa nikatulia kidogo, kisha nikauachia uhame, na nyuma ya kioo binti yangu, mzaliwa wa Birmingham, akacheka mpaka akaegemea mashine zake. Hakuna aliyemtafsiria.

Tuliuacha ule mcheko ndani ya wimbo. Naimba zote tisa sasa, na nawaambia, sauti ninayo.

Tulipomaliza Bi Rukia akavaa koti. "Mwanangu kaegesha gari kule mwisho, karibu na duka la matunda," akasema. "Kwa miguu hii ni mwendo. Na siendi kimya."

Nikaitoa zumari kwenye kitambaa.

Siku hizi bibi harusi hutolewa kwa spika ndani ya gari lenye vioo vyeusi; anapita na mtaa haujui nani kapita. Vifuu vya nazi tunavitupa, nazi yenyewe inatoka kwenye kopo. Mjomba Shee hayupo, Mama hayupo, na mpapai wa uani kwetu nimeambiwa umekatwa, pamejengwa choo. Nayajua yote hayo. Lakini saa kumi ile nilitangulia mbele kwenye barabara ya Alum Rock, zumari juu, mashavu yamejaa, na wenye maduka wakatoka milangoni na vitambaa mabegani. Basi likapunguza mwendo. Nyuma yangu Bi Rukia alitembea pole, hatua kwa hatua, uso ameuinamisha kidogo kama inavyopasa, na Yusra kamshika mkono, anajaribu kupiga kigelegele kinachotoka nusu. Sikukata pumzi hata mara moja mpaka alipoingia garini na mlango ukafungwa.

Akashusha kioo.

"Haya," akasema. "Sasa nimetoka kwetu."