Kona Iliyopondwa na Mwendo wa Polepole

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kikosi cha kutunza njia ya reli alinipa nyundo yenye mpini mrefu. "Gonga reli, sikiliza," alisema. "Ikilia, pita. Ikinyamaza, simama." Nilikuwa nimeacha shule baada ya wazazi kufariki, na wadogo zangu wanne walinitegemea. Nyundo hiyo ilikuwa chakula chao.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Kambove, ambako treni za madini zilishuka zimejaa na kurudi tupu. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani ili treni ya kasi isirushwe. Ukingo wa gurudumu huisugua hiyo ya nje, nasi tuliichunga sana. Ilipochakaa, mkuu wa sehemu aliamuru treni zote zipite polepole. Sote tuliona ni busara. Lakini treni nzito ikienda polepole hulalia upande wa chini, yaani reli ya ndani. Mwezi baada ya mwezi, bila sisi kutambua, kichwa cha reli hiyo, sehemu ya juu inayobeba magurudumu, kilitandazika kama msumari uliopigwa kupita kiasi.

Asubuhi moja niliigonga, ikanyamaza. Nikapiga magoti, nikaona ufa. Treni iliyojaa ilikuwa inapiga honi. Nilikimbia kuielekea na bendera nyekundu, nayo ikasimama karibu kabisa na ufa. Mkuu wa sehemu, aliyekuwa amepanda na dereva, akashuka.

"Weye! Juu ya nini unasimamisha treni yangu?"

"Shefu, reli ya ndani imepasuka."

"Ya ndani? Ya inje njo inakulikaka!" Kwake, reli ya nje ndiyo iliyoliwa na magurudumu. "Bantu, mukuye muone, tuko na injenieri wa darasa la tano!"

Dereva alicheka dirishani.

"Shefu, gonga mwenyewe."

"Ikilia, leo unarudisha nyundo. Umesikia?"

"Nimesikia, Shefu."

Akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Dereva akaacha kucheka. Mkuu aliingiza ukucha ndani ya ufa, akabaki ameinama.

"Rudisha treni," alimwambia dereva. Kisha, bila kunitazama: "Na weye, kesho ukuye mapema. Tutapima za ndani, kona zote."

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hulisifu sikio langu, nami huwaambia ukweli unaonikosesha raha. Kwa miezi yote ile niligonga reli ya nje tu, kama nilivyoagizwa. Asubuhi ile nilipita upande wa ndani kwa sababu wa nje ulikuwa na tope.