Maumivu Mawili kwa Kumi

Solvejg Bjerre alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na minne ya mwisho aliimalizia nyuma ya kioo cha mapokezi ya dharura ya macho hospitalini, Jutland magharibi, huko Ulaya ya kaskazini. Kazi yake ilikuwa kuamua nani aingie kwa daktari sasa hivi na nani asubiri. Zamani wauguzi waliamua kwa kumtazama mtu usoni, na ajabu ni kwamba uso wa binamu au wa jirani ulionekana mgonjwa kuliko nyuso nyingine. Solvejg aliuchukia upendeleo huo kama ukoma. Akahangaika miaka miwili hadi ikapitishwa karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe: maumivu mangapi kwa kumi, na unasoma mstari wa ngapi wa herufi za ukutani. Mwenye nafuu alipewa rangi ya kijani, akakaa. Hakuna kupiga soga na unayemjua, wala kumrusha mtu foleni.

Karatasi ilisaidia, hilo simnyimi. Ila alisahau watu wa kwao walivyo. Mtu wa huku akivunjika mguu atakwambia panamsumbua kidogo.

Ijumaa kabla ya Pentekoste akaingia Tage, mdogo wake, fundi mwashi, ameziba jicho la kushoto kwa kitambaa. Alichukua namba kwenye mashine kama watu wote, akangoja iitwe. Hanne, muuguzi wa dawati la pili, aliwajua wote wawili, na Solvejg alihisi anatazamwa. Akakaza uso, akamhoji ndugu yake kama mgeni. Maumivu? Mbili, akajibu Tage. Herufi akazisoma kwa taabu mpaka mstari wa nne. Kijani. Solvejg alitaka kumuuliza ni kitu gani kimemwingia jichoni, lakini swali hilo halikuwamo kwenye karatasi, na masikioni mwa Hanne lingekuwa soga. Akamwambia akae.

Alikaa saa nzima na dakika kumi. Kila Solvejg alipoinua kichwa alimwona pale, ameinama, mikono mapajani. Moyo ulimwambia inuka. Karatasi ikamwambia keti, na sahihi ya chini ilikuwa yake. Sheria ni msumeno, na huu aliunoa mwenyewe. Akamwita mwenye kope iliyovimba, kisha mwenye lenzi iliyokwama, na akaichukia sauti yake kwa utulivu wake.

Ndipo Tage akajikuna kidevu. Mkono wa shati ukapanda, na Solvejg akaona madoa meupe. Chokaa. Wiki hii ndiyo watu wa huku hupaka nyumba zao chokaa kwa ajili ya sikukuu, na chokaa haijui foleni: huendelea kulila jicho mpaka ioshwe. Alilijua hilo tangu chuoni.

Alitoka nyuma ya kioo akikimbia, akamshika mkono, akamwinamisha bombani na kuanza kumwosha. Hakuna aliyelalamika. Watu walirudisha miguu tu kuwapisha.

Daktari aliendelea kuosha, akapima, kisha akasema polepole kwamba dakika zilizokuwa na thamani ni zile za mwanzo. Jicho lile litatofautisha mchana na usiku, basi.

Solvejg alikaa kando ya kitanda, mikono bado imelowa.

"Kwa nini hukuniambia ni chokaa?"

"Hukuniuliza, dada."

Hilo alilistahili, akalimeza. "Na maumivu? Mbili kweli, Tage?"

"Tisa."

"Sasa kwa nini hukusema tisa?"

"Ningesema tisa ungeniingiza kwanza. Yule mwenzako angesema umempendelea mdogo wako." Tage akaupitisha mkono juu ya blanketi mpaka akaupata wa dada yake. "Umeihangaikia sana karatasi yako. Sikutaka iharibike kwa ajili yangu."