Inducement ya Mwavuli

Neno la Kiingereza inducement lilifika kwetu Butere miaka ya tisini, likiletwa na afisa wa kampuni ya miwa. Alitaka baba atie sahihi ili shamba letu la pekee la mahindi ligeuzwe la miwa. Alikuja na mwavuli mmoja na sukari kilo mbili. Nilihesabu mara mbili, nikidhani labda nimeruka ng'ombe.

"Hii ni inducement, mzee," akamwambia baba.

Mama akaniuliza maana yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, kidato cha pili. Nikamwambia ni kitu unachopewa ili ukubali jambo ambalo bila hicho kitu ungelikataa.

"Kumbe! Na sisi huku tunaitanga hongo."

"Hapana, mama," afisa akasema. "Hongo hutolewa kwa siri. Hii ina risiti."

Baba alikuwa ameshafungua mwavuli, ndani ya nyumba. Mama akaenda kuchinja kuku.

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, lakini akija mgeni wa heshima, humwachia mgeni. Siku hiyo mama aliiweka kwenye sahani ya baba, afisa akitazama.

"Na hii ni inducement yangu, baba watoto. Ukitia sahihi, naihamisha kwa mgeni."

Baba akaitazama karatasi, akaitazama firigisi, akaitia mdomoni.

"Mahindi yabaki," akasema akitafuna, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo mwaka mzima.