Nani Atabaki na Ng'ombe?

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa ofisini, kwa simu ya mezani, na mwenzangu aliyeipokea alininyooshea mkono wa simu akininong'oneza kwamba kuna mama analia upande wa pili. Hakuwa analia. Alikuwa mama yangu mzazi, aliyetembea kutoka kijijini mpaka kwenye simu ya kulipia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza njiani. "Mwanangu, jirani yetu ametutoka," aliniambia. "Alfajiri hii. Ameamka vizuri, ameomba chai, chai imechemka yeye hayupo." Kisha, kabla sijampa pole, akaongeza: "Omba ruhusa uje. Na uje na mabuti, kuna ng'ombe." Wasomaji wangu mtaniwia radhi, wiki hii sitaandika juu ya mashimo ya barabara za Moshi wala bei ya sukari. Nataka kumzungumzia mama mmoja wa mlimani ambaye hamkumjua, na ambaye katika watu wote wa hali yake sijaona mwingine aliyekwenda likizo mara nyingi kama yeye.

Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na ndizi, na kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba ndani, kilitengana na chetu kwa mstari mmoja tu wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani. Tajiri hakuwa. Kahawa yenyewe mnajua ilivyotufanya miaka hii ya soko huria. Wapo majirani walioing'oa wakapanda nyanya, naye alibaki nayo, nadhani kwa ukaidi tu. Lakini mara nne kwa mwaka mama huyu alivaa gauni lake la kanisani, akajitwika mkungu wa ndizi, akashuka kwenda kupanda basi. Leo Tanga, mwezi wa tano Mwanza, mwezi wa nane Dodoma, na mara moja Singida, safari iliyotushinda kabisa kuielewa. Watu walisema mengi. Wapo waliosema ana kijana anachimba vito Mererani, ilhali alizaa mabinti wawili tu, wote walimu wa shule ya msingi, na mnajua mshahara wa mwalimu. Wapo waliosema anasafirisha magendo. Mimi, nakiri kwa aibu, nilikuwa upande wa magendo.

Krismasi moja uvumilivu ulinishinda. Nilimkuta kibarazani kwake akimenya ndizi, nikamwamkia na kumuuliza waziwazi. "Mama, mimi ni mwanao. Hizi safari unazipataje?" Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, nadhani, halafu akaniuliza yeye: "Na wewe baba, likizo yako mwaka huu umeenda wapi?" Nikamwambia nimeiuza. Nilisema kwa kujidai, kwa kuwa ofisini kwetu aliyeuza likizo yake akabaki mezani alionekana ndiye mchapakazi. "Na ya mwaka jana?" Nayo niliiuza. "Mae! Na hizo hela umenunulia nini?" Nikafikiri. Nikafikiri tena. Wasomaji wangu, mpaka leo sijakumbuka. Aliendelea kumenya ndizi zake na kucheka chinichini, na mimi nikajua kwamba siku hiyo sitapata jibu.

Jibu nilikuja kulipata vipande vipande. Kila Desemba sisi watu wa mlimani tunarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, magari yanajaa migombani, majumba makubwa yaliyofungwa mwaka mzima yanafunguliwa, na baada ya mwaka mpya kila mtu anapoondoka anamwambia jirani, "Mama, ukija Mwanza ufikie kwangu." Wote tunasema hivyo. Ni adabu. Hakuna anayetegemea kwamba mtu atakuja. Mama huyu yeye alikuja. "Mtu mzima na ndevu zake ameniambia karibu," alikuwa akisema, "sasa mimi nimwone mwongo?" Na hao wenyeji walimfungulia mlango, kwa sababu ni yeye aliyezunguka kufungua madirisha ya majumba yao, kuanika magodoro na kupalilia makaburi ya wazee wao kabla hawajafika. Alifika kwao na ndizi za mtori na habari zote za kijijini: nani kaoa, nani kagombana na nani juu ya mfereji, mwembe wa nani umeanguka. Yule mwenye duka wa Singida aliniambia kwamba siku mama yule alipotokea, alifunga duka saa sita mchana. Hakuwahi kulifunga mchana tangu alipolifungua. Walikaa wakapika mtori na kuzungumza Kichagga mpaka jua likazama, akasema na yeye alijiona yuko likizo.

Nauli basi ilikuwa mikungu miwili mitatu aliyoiuza sokoni, na malazi ni hayo. Lakini hapo ndipo sisi wa mjini tunapokosea, tunadhani kinachomfunga mtu nyumbani ni nauli. Kule mlimani kinachomfunga mtu ni ng'ombe. Ng'ombe wetu hachungwi. Anakaa bandani, na kila anachokula lazima mtu amletee, majani ya kukata kule tambarare na kujitwika kichwani, au mgomba wa kukatakata, asubuhi na jioni, Jumapili na Pasaka. Na mwenye kazi hiyo ni mwanamke. Hata kama una tiketi ya bure ya kwenda Ulaya, swali la kwanza litabaki lile lile: nani atabaki na ng'ombe? Yeye ndiye aliyelijibu. Alikaa na wanawake wenzake watatu, wakapanga zamu. Anayesafiri anawaachia wenzake ng'ombe. Wao wanamlisha na kumkamua, maziwa ya siku hizo ni yao na samadi ni yao, wanaipeleka kwenye migomba yao. Akirudi, zamu ya mwingine. Na kwa kuwa ng'ombe hamwachii maziwa mtu asiyemzoea, msafiri alikuwa akiacha khanga yake ya kukamulia juu ya msumari bandani. Anayekuja kukamua anajifunga ile khanga, ng'ombe ananusa, anatulia, anadhani bibi yake yupo.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wale watatu. Kwa miaka alishika zamu za wenzake na ya kwake hakuitumia. Alikuwa na dada yake mmoja tu, aliyeolewa Lushoto, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu mimi nikiwa darasa la pili, na dada huyo macho yalikuwa yameanza kufifia. Kila nilipokwenda nyumbani nilimwachia mama bahasha na kumwambia, hii ni nauli, nenda kamwone mama mkubwa angali anakuona. Bahasha ilikwenda kwenye pumba na dawa za kupe. Mpaka siku moja yule jirani alinisimamisha njiani, mundu mkononi, mzigo wa majani kichwani. "Mama yako anaogopa kwamba akiondoka, ng'ombe atakufa na wewe utasema ni uzembe wake," alisema. "Hela hizo za bahasha zitamkatia majani? Mwambie mbele ya macho yake kwamba utachukua siku mbili za zamu. Ataondoka." Iliniuma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikatoa ahadi palepale, mwanaume mzima, mwandishi wa gazeti, kwamba nitakamua.

Mama akaenda Lushoto. Siku yangu ya kwanza, ya tatu tangu aondoke, nilitoka kwangu Rau kwenda kazini kuomba ruhusa, nikapanda mlimani na moyo mweupe, na kwa kuwa nilitaka kufanya kazi itakayoonekana, nilisafisha kila kitu. Nikafagia banda. Nikasugua ndoo. Na ile khanga ya msumarini, iliyokuwa imeganda maziwa na kunuka moshi, nikaifua kwa sabuni ya unga mpaka ikarudi rangi yake. Jioni nikajifunga khanga safi nikakaa chini ya ng'ombe. Ng'ombe alinigeukia, akaninusa, akabana maziwa yote na kupiga ndoo teke. Asubuhi yake vivyo hivyo. Kiwele kilianza kuvimba, na wale wanawake wakaanza kusema atumwe mtu Lushoto akamwite mama, siku ya nne tu tangu aondoke. Nilijiona nimemwibia mama yangu kitu ambacho nisingeweza kumrudishia. Dada yake alikuwa anamsubiri miaka yote ile, na mimi namrudisha kwa sababu ya sabuni.

Yule jirani alipoambiwa nilichofanya alikaa juu ya jiwe la kunolea panga akacheka mpaka akashika mbavu. "Umeifua! Umeifua na sabuni! Sasa ng'ombe anakuona daktari wa sindano." Alipomaliza kucheka aliingia jikoni kwa mama, akapekua nyuma ya mlango, akatoka na sweta kuukuu la mama la kupikia, mikono imetoboka viwikoni. Nikalivaa. Mikono iliishia hapa kwenye viwiko vyangu, na kitambaa cha kichwa cha mama akanifunga yeye mwenyewe, shangazi zangu wakiwa wamekusanyika ukingoni mwa banda kutazama. Ng'ombe akaninusa tena, kwa muda mrefu safari hii, halafu akapumua na kuachia. Sijawahi kufurahia sauti ya kitu chochote kama ile ya maziwa yakigonga ndoo. Mama alikaa Lushoto wiki mbili kamili. Alirudi amenenepa, anacheka ovyo kama msichana, na alikuwa na hadithi za dada yake zilizotosha mpaka mvua za masika.

Juzi tumemzika mama yule kihambani kwake, katikati ya migomba. Walikuja watu wa Tanga, wa Mwanza, wa Dodoma, na yule wa duka la Singida, ambaye kwa mara ya pili alikuwa amelifunga. Msiba ulikuwa na machozi, lakini sijaona msiba uliocheka kama ule; kila aliyesimama kutoa salamu alianza na siku mama yule alipotokea mlangoni kwake na mkungu wa ndizi, bila kuarifu. Saa kumi na moja jioni, waombolezaji wakiwa bado wanakula, ng'ombe wake akalia bandani. Ng'ombe hajui msiba. Mama yangu akainuka, akaingia bandani, akaichukua khanga ya marehemu msumarini, akajifunga. Tulimsikia akisema na ng'ombe taratibu. Kisha tukasikia maziwa yakigonga ndoo, na mimi ndipo nilipolia.

Nyuma ya mlango wa marehemu walikuta begi limeshafungwa. Alikuwa aende Bukoba wiki hii, kwa familia moja iliyomkaribisha Krismasi iliyopita na ambayo bila shaka ilikuwa imeshasahau. Wanawake wakakaa kikao palepale, wakaamua kwamba watu wa Bukoba wameshakaribisha na mtu lazima aende. Wakamchagua mama yangu. Alianza na lile swali letu la siku zote, na kabla hajalimaliza wote watatu, binti wa marehemu akiwa ameshachukua nafasi ya mama yake, wakanigeukia mimi.

Kwa hiyo wasomaji wangu, mwaka huu likizo yangu sikuiuza. Naandika safu hii nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, majani yamenikata vidole, na mama yuko njiani kwenda kuliona ziwa. Kwa miaka nimeuliza, na ninyi mmeniuliza katika barua zenu, watu wanaosafiri kila mara wanapata wapi uwezo. Tulikuwa tunachungulia mifuko yao bure. Tungetazama bandani kwao, tuone ni nani amekubali kujifunga khanga yao wakiwa hawapo, na wao wamejifunga ya nani. Mama yule alikuwa na wengi, ndiyo maana alikwenda mbali. Hapa mbele yangu kuna khanga mbili msumarini, ya mama na ya marehemu, zimeganda maziwa na zinanuka moshi. Sijazifua.