Seva ya Malaba Ilipoacha Kuitikiwa

Tangu mazishi ya mumewe, Roselida Makokha aliulizwa hali kila alikopita, na kila mara alijibu, "Niko salama." Alilitoa jibu hilo kama mtu anavyofunga mlango akitoka, bila kuliwazia. Alivaa nadhifu, akafungua ofisi kwa wakati, akakaa kwenye kiti chake. Kiti cha Makokha kilibaki pale ukutani, koti lake likiwa juu yake. Kwao kitu cha marehemu hakisogezwi kabla ndugu hawajakaa kikao cha makumbusho.

Ofisi ilikuwa Busia, ikitazamana na maegesho ya malori. Juu ya mlango bango lilisema: MAKOKHA. HATULALI. Mawakala wa forodha wa Busia na Malaba walitumia mfumo wa kampuni hiyo kuandaa hati za mizigo kabla lori halijavuka kwenda Uganda. Kazi ilifanywa na seva mbili, moja Busia, moja Malaba, na mbele yake kulikuwa na kisanduku cheusi cha kuzigawia kazi: wakala huyu apelekwe huku, yule kule, seva moja isielemewe ilhali nyingine imekaa bure. Kisanduku hicho alikinunua Makokha mwenyewe. Sasa kilikuwa kikijizima ovyo, na kila kilipojizima, malori yalisimama.

"Mama, lori langu limekaa hapa kama kanisa," Trizah, wakala wa Malaba, alimwambia kwenye simu. "Dereva ameanza kuniita 'dada' kwa ile sauti ya matusi. Mkizima tena, mimi nahamia kwa wale wengine."

Roselida alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Lakini akili yake, iliyosomea hesabu chuo kikuu, ilikuwa bado inafanya kazi: Trizah akihama atafuatwa na wengine, na jina alilopewa siku ya harusi litatafunwa kwenye foleni ya malori.

Akamwita Chrispine Etyang, fundi wa mitandao. Akamwita na shemeji yake Mulama, maana hakutaka isemwe mjane ameamua peke yake.

Etyang alianza na kisanduku kipya kutoka Nairobi, kilichosifiwa kwa kumzuia yeyote anayeingia kutoka nchi nyingine.

"Hicho hapana," Roselida alisema. "Mawakala wangapi hapa wanatumia laini za Uganda? Mtu amekaa Malaba yetu, mtandao unamhesabu yuko Tororo, Uganda. Tutamfungia nje mteja wetu."

Etyang akacheka. "Hata yangu ni ya Uganda, madam."

Kukodi huduma ng'ambo nako alikukataa. Hati itoke Busia iende Ulaya ndipo ifike Malaba? Ikabaki programu ya bure ya kugawa kazi, ya kupakiwa kwenye kompyuta mbili za kawaida, moja ikianguka nyingine ishike.

"Ya bure?" Mulama alikunja uso. "Shemeji, watu watasema ndugu yangu alipokufa tulianza kuokota."

"Watu hawaoni kilicho kabatini. Wanaona kama lori limevuka."

"Na hiki cha marehemu? Kikao hakijakaa."

"Tutakizima tu. Kitabaki kwenye rafu yake. Hakuna atakayekisogeza."

Mulama akakubali kwa kichwa. Hilo aliweza kulieleza nyumbani.

Etyang alipoanza kunakili mipangilio ya zamani, alikuta jambo. Kisanduku, alieleza, huuliza kila seva, "Uko?" Isiyojibu inarukwa, wateja wanapelekwa kwa nyingine. Lakini swali la Malaba halikuwa likifika kwenye seva. Liliishia kwenye ruta, kifaa cha mtandao kilichokuwa mbele ya seva hiyo, na ruta ilijibu, "Niko," hata seva ikiwa imekufa, hati zikazidi kutumwa huko.

"Aliyepanga hivi, madam, alijua anachofanya."

Roselida alimkumbuka Makokha akiwaambia mawakala kwa upole, kila hati ilipopotea, "Angalia tena ulivyojaza." Akatafuta hasira ndani yake. Ilikuwa kama kupapasa mfuko mtupu.

"Hamisha vilevile," Mulama alimwambia Etyang.

"Nikihamisha vilevile, hati zitaendelea kupotea huko, mzee. Nikipanga seva iulizwe yenyewe, ikianguka itarukwa. Ila aliyekuwa humo atatolewa, aombwe kuingia upya. Atayaona maandishi ya kumweleza kwa nini."

"Yaani kila mtu ajue! Shemeji, utamvua nguo ndugu yangu kaburini."

Roselida alilitazama koti juu ya kiti.

"Iulizwe yenyewe," alisema. "Jina hili ni langu pia. Hayo maandishi nitayaandika mimi."

Walihama Jumapili wakati wa ibada, mawakala wengi wakiwa kanisani. Etyang alichomoa nyaya moja moja, akazichomeka kwenye kompyuta mpya, akajaribu kwa laini ya Kenya, kisha kwa yake ya Uganda. Zote zikapita. Kisanduku cheusi kilibaki kwenye rafu, taa zake zimezimika. Roselida alikitazama, hakuhisi kitu.

Jumanne mvua ikanyesha Malaba na seva ikaanguka. Kwenye skrini za mawakala kukatokea: *Seva yetu ya Malaba imeanguka. Ingia tena, utahudumiwa na Busia. Tunaomba radhi. Roselida Makokha.*

Simu ikalia.

"Mama, ni Trizah. Kwani huwa inaanguka?"

Mulama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwonyesha kwa mkono: kata.

"Huwa inaanguka."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Hata wakati wa mzee."

Upande wa pili honi ya lori ililia ikaisha.

"Na mimi nikaambiwa tunajaza vibaya," Trizah alisema. "Nilimfukuza karani wangu kwa ajili hiyo. Vivianne."

"Nipe namba yake."

"Ya nini?"

"Nimwambie hakukosea."

Trizah alivuta pumzi. "Sawa, mama, nakutumia namba. Hati yangu imepita, naona lori linasogea. Sihami. Lakini lile bango mlitoe. Mnalala kama sisi."

"Amesemaje?" Mulama aliuliza.

"Bango litoke. Tafuta ngazi, shemeji. Bango si la marehemu, ni la ofisi."

Mulama alisimama kidogo, kisha akatoka. Roselida akapiga ile namba. Aliyepokea alisikia jina la Makokha, akauliza kwanza, kama ilivyo desturi, "Uko salama, mama?"

Roselida alianza kama kawaida, "Niko..." akakomea hapo.

"Ngoja kwanza, Vivianne," alisema. "Nina neno la kukuambia."